Mwana wa Mfalme Asiye na Nchi: Grendizer, Dubai na Suala la Kurudi

Mwezi Julai 2024 kituo cha TV Tokyo kilianza kuonyesha Grendizer U, mfululizo wa katuni wenye sehemu 13 uliomrudisha kwenye skrini shujaa aliyezaliwa mwaka 1975. Huko Japani habari hiyo ilipita kama habari nyingine za tasnia. Katika miji ya Ghuba, Dubai ikiwemo, ilipokewa kama habari ya ukoo. Watu wazima wenye umri wa miaka arobaini na hamsini, wenye kazi za heshima na watoto wa kusomesha, walibishana kwa uchungu juu ya mwana wa mfalme wa kubuni na roboti yake yenye pembe. Kwa nini mapenzi yamepewa nafasi kubwa hivi? Kwa nini sura zimebadilishwa? Nani alimpa mtu ruhusa ya kumwandika upya Daisuke? Ni rahisi kuyacheka mabishano ya namna hiyo. Historia yake, hata hivyo, inaonyesha kwamba chini ya swali la katuni kulikuwa na swali zito zaidi: aliyepoteza nchi yake anadaiwa nini na nchi hiyo, na anadaiwa nini na nchi iliyompokea?

Hadithi ya awali, UFO Robo Grendizer, ilitungwa na Go Nagai na kutengenezwa na Toei Animation. Sehemu zake 74 zilionyeshwa na Fuji TV kuanzia Oktoba 1975 hadi Februari 1977. Ilikuwa ya tatu katika mlolongo ulioanza na Mazinger Z mwaka 1972 na kufuatwa na Great Mazinger mwaka 1974. Mashujaa wa hadithi mbili za kwanza walikuwa vijana wa duniani waliolinda kwao. Shujaa wa hadithi ya tatu alikuwa mgeni. Duke Fleed ni mwana wa mfalme wa sayari ya Fleed, iliyoteketezwa na majeshi ya Vega. Anatoroka na Grendizer, anaanguka Japani, anahifadhiwa na Dakta Umon, naye anapewa jina jipya, Daisuke, na kazi katika shamba la mifugo la mzee Danbei Makiba. Mchana anashughulika na farasi na ng'ombe, na adui akitokea anaingia ndani ya roboti na kupigana. Mkononi ana jeraha la mionzi ya Vega lisilopona, nalo huuma kila vita vinapokaribia. Koji Kabuto, aliyekuwa shujaa mkuu wa Mazinger Z, anarudi hapa akiwa msaidizi. Uamuzi huo wa kumteremsha daraja shujaa aliyezoeleka ulikuwa wa kwanza kati ya maamuzi ya utunzi ambayo mashabiki wa hadithi hii hawajaacha kuyajadili.

Wanaotetea "hadithi ya asili" husahau mara nyingi kwamba asili yenyewe haikuwa moja. Miezi michache kabla ya mfululizo kuanza, Toei ilitoa filamu fupi iliyokuwa na Duke Fleed yule yule, roboti nyingine, na binti mfalme wa upande wa adui aliyeitwa Teronna. Mfululizo ulipoanza, Teronna aliachwa. Nafasi yake ilikuja kuchukuliwa, karibu na mwisho kabisa, na Rubina, binti wa mfalme wa Vega, aliyeingia katika hadithi na kufa ndani ya sehemu moja. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Naida, mpenzi wa zamani wa Duke kutoka Fleed, aliyetokea akiwa ametiwa sumu ya chuki na adui, kisha akajitoa mhanga. Kwa hiyo watunzi walikuwa wanapima, wanafuta na kubadilisha hata kabla hadithi haijavuka bahari.

Ilipovuka, ilikwenda mbali kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1978 Wafaransa waliipokea kwa jina la Goldorak, na Waitalia wakaiita Atlas UFO Robot, ingawa roboti yao ilizoeleka zaidi kwa jina la Goldrake. Wafaransa walibadilisha majina yote: Duke akawa Actarus, Koji akawa Alcor, Hikaru akawa Vénusia. Kwa Waarabu mambo yalikwenda kinyume. Tafsiri ya Kiarabu ilitengenezwa Lebanoni mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1975 vikiendelea kuichana Beirut. Majina ya Kijapani yaliachwa karibu yalivyo: Daisuke, Koji, Hikaru. Kilichobadilishwa ni lugha iliyotoka midomoni mwao. Jihad al-Atrash alimpa Duke Fleed sauti nzito, ya taratibu, iliyopangwa kama sauti ya mwigizaji wa jukwaani. Sammy Clark aliuimba wimbo wa ufunguzi, na alipofariki Februari 2022 waliomlilia walimtaja kwanza kwa wimbo huo wa watoto, kabla ya nyimbo zake nyingine zote.

Wote katika tafsiri hiyo walizungumza Kiarabu fasaha, lugha ya hotuba, ya taarifa ya habari na ya mashairi. Hakuna mtoto wa Kiarabu anayezungumza hivyo na mama yake. Kijana mpole wa shambani aliyekuwa akijibu kwa maneno machache ya Kijapani alijikuta akitamka sentensi zenye irabu kamili za mwisho, kama mtu anayesimama mimbarini. Upole wake haukupotea, ila uligeuka kuwa staha. Huzuni yake ikawa huzuni ya watu wa diwani. Mtazamaji wa Beirut au wa Dubai hakupata Daisuke yule yule aliyepatikana Tokyo, na tofauti hiyo haikuletwa na mchoro hata mmoja.

Neno moja linatosha kuonyesha ukubwa wa mabadiliko hayo. Katika Kijapani, kinacholindwa na Grendizer ni sayari ya dunia, na neno linalotumika huko ni la mviringo wa dunia, tufe lielealo angani. Katika Kiarabu sayari hiyo huitwa al-ardh, na al-ardh ni pia udongo, shamba, kiwanja alichozikwa babu. Kiswahili kililipokea neno hilo kwa maana ya pili peke yake: kwa Mswahili, ardhi hupimwa, hurithiwa na hunyang'anywa. Mtoto aliyesikia kwa Kiarabu kwamba mgeni kutoka mbali amejitolea kuilinda al-ardh alisikia mambo mawili kwa pamoja. Kwa mtoto wa mji wenye vita, au wa kambi ya wakimbizi wa Kipalestina, maana ya pili haikuhitaji kufafanuliwa.

Tafsiri hii ilienea katika televisheni za nchi za Kiarabu katika miaka ya 1980, na Ghuba ilikuwa tayari kuipokea. Umoja wa Falme za Kiarabu ulikuwa umeundwa Desemba 2, 1971. Vituo vya televisheni vya eneo hilo vilikuwa vichanga, vyenye saa nyingi za kujaza na vipindi vichache vya watoto. Kiarabu fasaha kilitatua tatizo la lahaja, kwa kuwa kilieleweka Basra na Maskati vilevile. Dubai ilikuwa na sababu ya ziada ya kukihitaji. Katika nyumba zake kulisikika Kiajemi, Kibaluchi, Kihindi, Kiurdu na Kimalayalam. Kulisikika pia Kiswahili, kwa sababu baadhi ya familia zilizoondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ziliishia huko, nyingine zikipitia Omani na nyingine zikifika moja kwa moja. Katika nyumba hizo wazee waliongea Kiswahili cha Mji Mkongwe, shule ilidai Kiarabu, na televisheni ilileta Kiarabu cha juu kabisa kupitia mdomo wa mwana wa mfalme aliyefanya kazi ya kutunza farasi.

Hakuna haja ya kudai kwamba kila aliyetoka Unguja aliiona Unguja katika sayari ya Fleed. Inatosha kukumbuka kwamba msamiati wa hadithi hiyo ulikuwamo tayari katika nyumba za namna hiyo: nyumba iliyofungwa na ufunguo kubaki, jina lililoandikwa upya kwenye karatasi, kazi ya mikono kwa mtu aliyewahi kuwa na cheo, na swali ambalo halikuulizwa mbele ya watoto, yaani kama kuna siku ya kurudi. Msamiati huo huo ulikuwamo katika nyumba za Wapalestina, na baadaye katika nyumba za Wairaki na Wasiria walioifanya Dubai makazi. Ndiyo maana shujaa wa Kijapani aliyebuniwa kuuza vinyago akapata katika Ghuba uzito ambao Mazinger Z haikuupata.

Kizazi kilichofuata kilikuja na mazoea mengine. Mwaka 2000 kilianzishwa Spacetoon, kituo cha katuni kwa Kiarabu ambacho watoto wa Ghuba wa muongo huo wamekulia mbele yake. Tafsiri zake zilitegemea sana studio za Damascus, na wafasiri walikuwa na desturi ya kusafisha: wapenzi waligeuzwa kuwa ndugu au marafiki, vifo vikatajwa kwa mafumbo, sehemu nzima zikaruka. Watoto hao walipokua na kuweza kutazama katuni za Kijapani bila mkasi, waligundua kwamba hadithi walizozipenda zilikuwa zimeandikwa mara mbili. Wengine walihisi wamedanganywa. Wengine walisema tafsiri ilikuwa nzuri kuliko asili. Tangu hapo shabiki wa Kiarabu akawa na sikio la mhakiki: anajua kwamba kila sentensi ya shujaa imechaguliwa na mtu, na kwamba ingeweza kuchaguliwa vingine.

Dubai ikawa mahali pa kulinganisha sentensi hizo. Tamasha la filamu na vibonzo la Mashariki ya Kati lilianza mjini humo mwaka 2012, likakusanya wapenzi wa fani hii kila mwaka kabla ya kuhamia Abu Dhabi. Mji ambao wakazi wake wengi si raia wake hukutanisha matoleo ya hadithi kama unavyokutanisha bidhaa bandarini. Mfaransa anamjua Actarus, Mlebanoni anamjua Duke Fleed wa Jihad al-Atrash, na Mfilipino ana roboti yake mwenyewe. Voltes V ilipendwa mno Ufilipino mwishoni mwa miaka ya 1970, hadi serikali ya Ferdinand Marcos ilipoipiga marufuku mwaka 1979 zikiwa zimebaki sehemu chache tu hadithi ifike mwisho. Kizazi kizima kilinyimwa tamati. Mwaka 2023 kituo cha GMA kilitoa Voltes V: Legacy, toleo jipya la waigizaji hai lenye sehemu nyingi na mwendo wa polepole, na mashabiki wakapima kila tukio kwa mizani ya kile walichonyimwa. Wafilipino waliopigwa marufuku kuuona mwisho na Waarabu waliouona mwisho usiowahusu wana mengi ya kuambiana, na Dubai wanaishi mtaa mmoja.

Ndipo suala la umiliki lilipoingia. Kampuni ya Manga Productions ya Riyadh, iliyo chini ya Wakfu wa Misk, ilipata haki za Grendizer kwa Mashariki ya Kati. Mwaka 2022 mjini Riyadh ilisimamishwa sanamu ya roboti hiyo yenye urefu wa mita 33.7, na ikaingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Kampuni hiyo ilishiriki pia katika kuzaliwa kwa Grendizer U, kazi iliyokabidhiwa watu wenye majina makubwa: Mitsuo Fukuda aliyeongoza Gundam SEED, Ichiro Okouchi aliyeandika Code Geass, na Yoshiyuki Sadamoto aliyechora wahusika wa Evangelion. Kwa mara ya kwanza wapokeaji wa zamani walikuwa na mkono katika uzalishaji. Watazamaji wengi wa Ghuba waliamini kwamba hatimaye hadithi ingeandikwa kwa kuwafikiria wao. Matumaini hayo ndiyo yaliyoufanya mjadala uwe mkali.

Malalamiko yalikuwa ya aina tatu. La kwanza lilihusu uchoraji na mwendo wa picha, na hilo ni la kiufundi. La pili lilihusu kasi: hadithi ya sehemu 74 haiingii katika 13 bila kuvunjwa mifupa. La tatu, lililozungumzwa kwa hasira zaidi, lilihusu wahusika. Rubina, aliyepewa sehemu moja mwaka 1977, sasa yupo karibu na kitovu cha hadithi. Teronna wa filamu ya 1975 amefufuliwa akiwa pacha wake. Naida naye ameongezewa nafasi. Duke Fleed amezungukwa na mapenzi, hatia na wivu, na wengi waliolelewa na sauti ya mimbari hawakumtambua kijana huyu anayesitasita.

Upande wa pili wa mjadala una hoja ambayo haifai kupuuzwa. Katika toleo la awali Naida na Rubina wanaingia ili wafe. Kifo cha kila mmoja kinamwongezea mwana wa mfalme huzuni, kisha hadithi inaendelea bila wao. Mtunzi wa leo anayewapa wanawake hao kauli, makosa na maamuzi yao analipa deni la kweli. Mtazamaji anayedai warudishwe kwenye kimya chao kwa sababu ndivyo alivyowazoea utotoni anatetea mazoea yake, na mazoea si hoja ya sanaa.

Lakini hoja hiyo haijibu lalamiko lote. Katika sehemu 74 kulikuwa na kitu kinachoonekana kidogo, nacho ni shamba. Wiki baada ya wiki mtazamaji alimwona mwana wa mfalme akitunza wanyama, akifokewa na mzee Makiba asiyejua alivyo, akipiga gitaa jioni, akila na watu wasio wake. Siku hizo za kawaida hazikuwa za kujaza muda. Ndizo zilizomjengea Daisuke nchi ya pili, tone kwa tone, hadi mtazamaji akaamini kwamba anayo ya kuipoteza. Mapenzi yanaweza kusimuliwa kwa haraka. Kuzoea nchi ya watu hakuwezi. Sehemu 13 zilizojaa majumba ya kifalme na maungamo haziwezi kubeba miaka ya kuamka alfajiri kwenda zizini. Shabiki wa Dubai aliyelalamika kwamba hadithi mpya "haina uzito" alikuwa akikitafuta kitu hicho, ingawa mara nyingi alikosa jina lake na akawalaumu wanawake.

Fasihi ya Kiswahili inalijua tatizo hili. Mwalimu Julius Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare na kuipa jina Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alimtoa mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza na kuleta tabaka zima, na wasomaji wa Tanzania ya Azimio la Arusha wakapata tamthilia iliyokuwa yao. Hakuna anayemshtaki kwa kutomfuata mwandishi. Anahojiwa kwa alichokichagua na kwa matokeo yake. Vivyo hivyo kwa Fumo Liyongo. Utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913 ni toleo moja la kisa kilichosimuliwa pwani kwa karne nyingi, na hadi leo wasomaji wanabishana juu ya uamuzi mmoja wa shujaa: anamshuku mwanawe, na bado anamwambia siri ya sindano ya shaba inayoweza kumuua. Ni upendo, uchovu, au fahari? Mabishano hayo yameihifadhi hadithi kuliko nakala yoyote. Mapokeo ya Kiswahili, basi, yanamruhusu msimulizi kubadilisha, mradi swali ambalo watu walilibeba wasinyang'anywe.

Swali la Grendizer ni la kurudi. Karibu na mwisho, Rubina anamletea Duke habari kwamba Fleed haikufa, kwamba uhai umeanza kurejea, kisha anauawa akimkinga. Vega inaposhindwa, Duke na dada yake Maria, aliyedhaniwa amekufa, wanaiaga dunia na kwenda kuijenga upya nchi yao. Katika Japani ya 1977 tamati hiyo ilikuwa ya majonzi matamu: rafiki anaondoka. Kwa Kiarabu ilikuwa jambo jingine. Shujaa aliwaacha waliompenda, akaliacha shamba, kwa sababu ardhi yake ilikuwa inamwita na njia ilikuwa wazi. Mtoto wa mkimbizi aliyetazama kuondoka huko alijua kwamba kwake njia haikuwa wazi. Wafaransa nao walihisi kwamba kuna kilichobaki: mwaka 2021 Xavier Dorison, Denis Bajram na wenzao walichapisha kitabu cha vibonzo kinachoanza miaka kadhaa baada ya kuondoka huko, na kumlazimisha Actarus kuulizwa tena anasimama upande gani.

Dubai ni mahali pagumu pa kulikwepa swali hilo. Kwa miongo mingi mkazi asiye raia ameishi humo kwa kibali kinachofuata ajira yake. Mtu huzaliwa humo, husoma humo, huzika wazazi humo, na bado huulizwa anatoka wapi. Viza za muda mrefu zilizoanza kutolewa mwaka 2019 zimewapunguzia baadhi ya watu wasiwasi, lakini hazijaliondoa swali. Mswahili mwenye asili ya Unguja aliyezaliwa Deira, Mpalestina aliyezaliwa Sharjah, Mfilipino mwenye miaka ishirini ya kazi, kila mmoja ana Fleed yake, na ana shamba la Makiba alilolizoea bila kupanga. Wanapogombana juu ya namna Daisuke alivyoandikwa, wanauliza kama aliyeandika aliujua ugumu wa kuwa na sehemu mbili za kupenda.

Kwa mizani hiyo Grendizer U inaweza kuhukumiwa kwa haki. Imewatoa wanawake katika kimya, na hapo imeizidi kazi ya zamani. Imepunguza muda wa shamba, na hapo imepungua. Atakayeiandika tena hadithi hii, Tokyo au Riyadh, hatakuwa na haja ya kuwarudishia watazamaji wa 1980 utoto wao. Atahitaji kumpa Duke Fleed asubuhi nyingi za kawaida zizini kabla ya kumwita kwao, ili siku ya kuondoka ikifika, watazamaji wa Dubai wagawanyike kati ya wanaotaka aende na wanaotaka abaki.